Kioo cha nyuma cha gari kimepasuka: namna ya kukibadilisha na vitu vinavyopandisha gharama

Kioo cha nyuma kikipasuka wengi kitu cha kwanza wanachofanya ni kumpigia fundi na kuuliza "kioo cha nyuma cha IST shi ngapi?" na hela inaanza kupotea hapohapo, maana fundi akitaja bei kabla hajajua IST yako ni toleo gani, ina waipa nyuma au haina, kioo kina giza la kiwandani au ni cheupe, hiyo bei ni ya hewani. Ukifika dukani inapanda. Au mbaya zaidi unaletewa kioo ambacho kwenye gari kinaingia vizuri kabisa ila hakina pa kuchomekea waya. Naandika hapa nikiwa na hizi gari za Kijapani za kwetu kichwani, IST, Vitz, Noah, RAV4, Premio, Probox, ndo zimejaa Dar, ila ukiwa Nairobi au Mombasa kazi ni ileile, kinachobadilika ni majina ya mitaa tu.

Kabla ya yote jua una kioo cha aina gani. Kioo cha mbele ni vioo viwili vimebanwa pamoja na utando wa plastiki katikati, ndo maana kikipigwa jiwe kinabaki kimeshikana na ufa unaweza kuzibwa ukiwa bado mdogo. Cha nyuma kwa gari nyingi ni kioo kimoja kilichochomwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 600 halafu kikapozwa haraka kwa upepo mkali, kwahiyo nje kimebanwa na ndani kimevutwa, kina nguvu ajabu lakini kikishapata jeraha sehemu moja kinamwagika chote, punje punje kama chumvi ya mawe. Kwahiyo mtu akikwambia atakizibia ufa mwambie asante na uondoke. Hakizibwi, hakikatwi, hakitobolewi. Hata ile tundu ya waipa inatobolewa kiwandani kabla kioo hakijachomwa, huwezi kununua kioo kisicho na tundu ukatoboe mtaani, kitakuishia mkononi.

Na kupasuka kwenyewe sio lazima ugongwe. Mashine ya kukata majani pembeni ya barabara ikirusha kokoto inatosha. Kuna watu wanabeba nondo au boksi kubwa wanafunga mlango wa nyuma kwa nguvu, ncha inagusa kioo, kwisha. Na kuna vioo vina jeraha dogo pembeni tangu zamani, gari inakaa juani siku nzima, kinapasuka peke yake mchana watu wanabaki kushangaa.

HATUA YA 1: lile saa la kwanza

Usianze kufagia. Piga picha kwanza, nje na ndani, namba ya gari ionekane, na kama ni mwizi amevunja au mtu amekugonga nenda polisi uchukue RB (Kenya ndo OB), bima bila hiyo karatasi wanaweza kukuzungusha. Na hapohapo piga simu bima kabla hujamgusisha fundi gari. Kama una bima ndogo, ile ya kulipia wengine tu, kioo chako ni mfuko wako, usipoteze muda. Kama una bima kubwa muulize wakala swali moja kwa moja: hicho kipengele cha vioo kinahesabu kioo cha nyuma au cha mbele tu, na mwisho wake ni shilingi ngapi? Maana sera nyingi zina kikomo cha vioo, kioo chako kikizidi hapo unaongezea wewe. Wengine wanasema kipengele cha vioo hakigusi punguzo lako la kutodai (lile unalopunguziwa bei ya bima mwaka unaofuata usipodai), wengine linaguswa, sasa kama kioo chenyewe ni cha bei ndogo inawezekana ni afadhali ulipe mwenyewe ukalinda punguzo lako. Piga hesabu kabla hujajaza fomu.

Punje ziondoe ukiwa umevaa glavu, na zile zilizobaki zimening'inia kwenye fremu ziangushe kwa ndani ya mfuko au juu ya kitambaa, zisimwagike kwenye rangi ya gari. Kisha ziba kwa nailoni nzito. Gundi ya solotepu usiibandike kwenye rangi kama gari itakaa juani, ikichemka inang'ang'ania hadi inatoka na rangi, tumia ile tepu ya karatasi ya wapaka rangi.

Hili la kuendesha na kioo kikiwa wazi watu hawalisemi: gari ikitembea nyuma kunakuwa na mvuto wa hewa, moshi wa ekzosi unaingia ndani kupitia palepale kioo kilipokuwa. Ukilazimika kuendesha, shusha vioo vya mbele kidogo, washa feni ilete hewa ya nje, nenda taratibu na usiende mbali. Mtoto usimkalishe siti ya nyuma.

HATUA YA 2: jua kioo chako kina nini

Hapa kaa sana, ndo penye hela. Chukua karatasi andika haya.

Namba ya chesisi. Kwa gari za Japani ile sehemu ya kwanza ndo inasema toleo, mfano IST za mwanzo ni NCP60 na NCP61, za baadae ni NCP110 na NCP115, kwa jina zote ni IST ila kioo cha hii hakikai kwenye ile. Vitz hivyohivyo, SCP10 na SCP90 ni gari mbili tofauti kabisa. Noah za AZR60 na ZRR70 nazo usizichanganye. Muuzaji mzuri atakuuliza chesisi kabla ya kukuuliza kingine chochote, asiyeuliza kuwa naye makini.

Mistari ya difoga, ile mistari myembamba ya kahawia inayopita kwa upana kuondoa ukungu. Angalia waya zake zinachomekwa upande gani, kulia, kushoto au pande zote.

Antena. Gari nyingi antena ya redio imechorwa kwenye kioo hichohicho, inafanana na mistari ya difoga ila imekaa juu na ina waya wake mwembamba. Watu wengi wanabadilisha kioo halafu wiki inayofuata wanalalamika redio inakwaruza, kumbe wameuziwa kioo cha toleo lisilo na antena.

Tundu ya waipa, taa ya breki ya tatu kama imeshikwa kwenye kioo, kamera kama ipo hapo, na spoila kama inakaa juu ya kioo. Alafu giza: kuna giza la kiwandani, lipo ndani ya kioo chenyewe, na kuna karatasi ya tinti iliyobandikwa baadae. Kwaruza kwa ukucha kwenye kipande kilichobaki, kama kuna utando unabanduka hiyo ni karatasi. Ya kiwandani huwezi kuibandua na kioo chake bei yake iko juu zaidi, na ukiweka cheupe kwenye gari ambayo vioo vya pembeni ni vya giza gari inaonekana kama imeungwaungwa.

Mwisho, kimeshikwaje. Kuna vya gundi, ndo vingi. Kuna vya mpira, kama baadhi ya Hiace za zamani na pikapu. Na kuna vya bawaba, kioo kinafunguka chenyewe bila kufungua mlango, kama Prado na zile CR-V za mwanzo, hivi vinafungwa kwa bolti na kwa kawaida ni ghali kwasababu vina matundu na vyuma vyake.

Kama kuna kipande cha kona kimebaki na maandishi usikitupe! Kina jina la mtengenezaji na alama za ubora. Vioo vya Japani utaona AGC au Asahi, NSG, Central Glass. Vya China utaona Fuyao au Xinyi, na hivyo sio feki jamani, ni viwanda vikubwa vinavyouza dunia nzima. Kioo cha kuogopa ni kile ambacho hakina alama yoyote kwenye kona.

HATUA YA 3: kukitafuta

Dar wengi wanaenda Ilala kwa used na Gerezani Kariakoo, Nairobi ni Kirinyaga Road na Grogan. Una njia tatu: mpya orijino ya kuagiza, mpya ya China, na used ya kutoka kwenye gari iliyokatwa Japani. Kwa kioo cha nyuma mimi napendelea used iliyokaguliwa vizuri kwa gari ya kawaida, maana inakuja na vishikio vyake vyote na difoga ya kiwandani, na tofauti ya bei unaiona. Kioo cha mbele used sikushauri maana kukitoa kizima bila kukiumiza ni kazi, ila cha nyuma kikitoka kizima ujue ni kizima, hiki hakina ufa wa katikati katikati.

Lakini kikague. Pitisha kidole polepole (na glavu) kuzunguka ukingo wote. Kibanzi kidogo kama punje ya mchele kwenye ukingo ndo ugonjwa wenyewe, kioo kinaweza kukaa miezi halafu siku ya jua kali kikamwagika. Ukikuta hicho kirudishe hata kama umepunguziwa nusu bei. Kiangalie kwa kukiinamisha kwenye mwanga uone mikwaruzo ya waipa, ile inayofanya nusu duara. Halafu vile vibati viwili vya kuchomekea waya vishike utikise taratibu, vikilegea hapo solda imeachia.

Difoga ipime, usiambiwe "inafanya kazi hiyo boss". Mazungumzo yanakuwaga hivi:

"Kaka hiki kimetoka kwenye gari nzima, wewe beba."
"Sawa anko, ila niazime mita hapo tupime hii mistari."
"Aah, mita ipo kwa fundi umeme."
"Namsubiri aje nayo, mimi sina haraka."

Na kweli subiri. Mita ikiwekwa kwenye milio, mguu mmoja kibati cha kulia na mwingine cha kushoto, lazima ilie, ila kulia huko kunakuonyesha tu kwamba angalau mstari mmoja mzima upo, kwahiyo bado pita mstari kwa mstari kwa macho kutafuta palipokatika. Mstari mmoja ukikatika sio mwisho wa dunia, kuna rangi ya fedha inayopitisha umeme unapaka pale inarudi, ni sababu nzuri ya kuomba upunguziwe. Kibati kilichong'oka nacho kinarudishwa lakini inataka fundi mwenye mkono mwepesi.

Kusafirisha: kisimamishe, usikilaze na usikiegemeze kona kwenye sakafu ya simenti. Blanketi chini, blanketi pembeni. Bodaboda hapana, tafadhali.

HATUA YA 4: bei inatoka wapi

Bei yenyewe siiandiki hapa maana kila mzigo ukiingia bandarini inabadilika, ila ukijua inajengwaje huwezi kudanganywa. Ukubwa wa kioo ni sehemu ndogo tu. Kinachopandisha ni vilivyo juu ya kioo: difoga, antena, tundu, bawaba, giza la kiwandani. Halafu wingi wa gari barabarani, kioo cha IST au Premio ni rahisi kupata kwasababu zipo nyingi na zinakatwa nyingi, lakini uwe na gari ya Ulaya au Mjapani asiye wa kawaida, kioo kinaagizwa, unalipa na usafiri na ushuru na muda wa kusubiri. Gari mpyampya nazo ghali, bado hazijaanza kukatwa.

Kisha gharama ambazo fundi hazitaji mwanzo. Gundi na praima (dawa inayopakwa kwanza ili gundi ishike). Mipira ya pembeni, klipu za plastiki (zinavunjika wakati wa kufungua, zinauzwa moja moja). Kusafisha punje. Kutibu kutu kama fremu imeshaanza kuliwa, hii inaweza kuwa kubwa. Karatasi mpya ya tinti kama unaitaka. Muulize moja kwa moja: "fundi, hiyo bei ni pamoja na gundi, praima na klipu, au ni mkono wako tu?" Na ukitaka risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) ujue kuna VAT, kiwango cha kawaida asilimia 18 kwa Tanzania Bara, 16 kwa Kenya, kwahiyo bei ya dukani yenye risiti na ya mtaani isiyo na risiti usizilinganishe hivihivi. Kwa kazi ya bima risiti ni lazima.

Sehemu ya kubana matumizi sio gundi. Kuna mafundi wanabandika kwa silikoni ya madirishani, inashika siku za mwanzo, ila nyingi zina ile harufu ya siki, ni asidi, inakula chuma taratibu chini ya mpira usikokuona, na kioo chenyewe hakijashikwa kwa nguvu inayotakiwa. Gundi sahihi ni ya polyurethane ya vioo vya magari, inakuja kwenye tyubu au soseji, ina tarehe ya kuisha, isome.

HATUA YA 5: siku ya kufunga

Chagua kivuli na siku isiyo na mvua, au karakana yenye paa. Simama uangalie, sio kumsumbua fundi, ila kuna mambo manne matano lazima yafanyike mbele yako.

La kwanza kabisa plastiki ya ndani ya mlango wa nyuma ifunguliwe. Asipoifungua punje zimejaa huko chini, zitakuwa zinacheza kila ukipita tuta, zinaziba vitundu vya kutolea maji, zinaingia kwenye kitasa. Zivutwe kwa vakyumu, na kwenye shimo la tairi la akiba, reli za siti na mishono ya siti pia. Kwenye gari za buti kama Premio angalia lile dashibodi la nyuma penye spika, punje zinajificha humo.

Gundi ya zamani haitolewi yote hadi chuma. Inakatwa kwa kisu ibaki tabaka jembamba la milimita 1 hadi 2, gundi mpya inashika vizuri juu ya ile ya zamani kuliko juu ya rangi. Kisu kikigusa rangi hadi chuma kionekane, panapakwa praima ya chuma na panaachwa pakauke, usikubali "ah hapo gundi itafunika". Kutu inaanzia hapohapo.

Kioo kijaribiwe kikavu kwanza. Wanakiweka mahali pake, wanasawazisha pande zote, wanabandika vipande vya tepu kutoka kwenye kioo kwenda kwenye bodi halafu wanazikata katikati, ili kikija na gundi wajue kinarudi palepale. Ukingo unasafishwa, praima nyeusi inapakwa, na baada ya hapo hakuna kushika kwa vidole, mafuta ya mkono yanaharibu.

Gundi imwagwe mstari mmoja wa juu kama paa la nyumba, bila kukatika, kuzunguka kote. Pakikatika ndo maji yatakapopita. Ikishamwagwa kioo kinawekwa mara moja, watu wawili, kinabonyezwa sawasawa kwa viganja, kinashikwa kwa tepu. Gundi ikianza kujiotesha ngozi juu ndo umechelewa.

Kabla plastiki haijarudishwa jaribu kila kitu: washa difoga uache kwa muda upitishe kiganja usikie joto, redio, waipa, taa ya breki ya tatu, kitasa, kamera. Difoga isipopata joto angalia fyuzi kwanza, ilipopasuka inawezekana waya ziligusana.

Kioo cha mpira kinafungwa tofauti na ni rahisi zaidi: mpira unavishwa kwenye kioo, kamba inapitishwa kwenye mfereji wa mpira, maji ya sabuni, mtu mmoja nje anasukuma, wa ndani anavuta kamba na mdomo wa mpira unaruka juu ya fremu. Mpira ukiwa mgumu umepasukapasuka nunua mpya. Na cha bawaba bolti zake zina washa za mpira au plastiki, zikazwe kwa kiasi, chuma kikibana kioo moja kwa moja kitapasuka hapohapo au kesho.

HATUA YA 6: siku mbili zinazofuata

Muulize fundi gundi aliyotumia inataka muda gani kabla gari haijatembea, imeandikwa kwenye tyubu, kuna za saa moja na kuna za siku nzima. Hizi gundi zinakauka kwa unyevu wa hewa, kwahiyo pwani kama Dar na Mombasa zinakauka haraka kuliko sehemu kavu na za baridi. Tepu iache hadi kesho yake. Acha kioo kimoja cha mlango kikiwa wazi kidogo kwa siku hiyo, maana ukifunga mlango kwa kishindo gari imefungwa kote, hewa ya ndani inasukuma kioo kwenda nje na gundi bado laini. Kuosha kwa presha ngoja siku mbili. Tinti nayo ngoja gundi ikomae, na ukija kuibandua siku moja mwambie asitumie wembe, alowanishe na joto, wembe ndo unaua mistari ya difoga.

Ikishakauka pima maji mwenyewe. Mtu mmoja ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji usio na presha, aanzie chini apande juu polepole, kila upande dakika kadhaa. Ukiona tone weka alama ya chaki hapo ndani na umrudishie fundi, na akitaka kupaka silikoni kwa nje juu ya mpira kataa, mwambie afungue ule upande akaushe arudishie gundi ileile, na makubaliano hayo ya kurudia bure yaandikwe kwenye risiti kabla hujamlipa hela ya mwisho.